Somo la Afya: Hedhi Si Aibu

Somo langu la muhula huu lahusu jambo linalosemwa kwa kunong'ona tu, nalo ni hedhi. Naanza kwa hesabu. Mwaka jana nilipopitia kitabu cha mahudhurio niliona kuwa msichana mmoja wa darasa langu hukosa siku 4 kila mwezi. Katika miezi 9 ya masomo hizo ni siku 36, yaani majuma 7 ya shule na zaidi. Nilipomwuliza, alijibu kwa sauti ndogo kwamba hana cha kujihifadhia, na wavulana walikwisha kumcheka.

Hedhi si ugonjwa wala si uchafu. Kila mwezi mji wa mimba hujitandika utando wenye damu ili kupokea mtoto. Yai lisiporutubishwa, utando huo hubomoka na kutoka. Mzunguko huo huchukua kama siku 28, na hedhi yenyewe kama siku 5. Ndiyo maana Siku ya Hedhi Salama, iliyoanza mwaka 2014, huadhimishwa tarehe 28 ya mwezi wa 5.

Aibu nayo huleta madhara. Msichana afichaye kitambaa chake chini ya godoro hukivaa kikiwa kibichi, na unyevu hulea vijidudu. Dawa yake ni sabuni, maji safi na jua. Nalo jua la Bariadi hatulinunui!

Mwaka 2018 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika taulo za kike, lakini mwaka 2019 ikairudisha, kwani bei madukani haikushuka. Basi tusingoje duka. Simiyu ni nchi ya pamba. Yafaaje baba auze pamba, na binti yake akose kitambaa?

Baada ya mkutano wa wazazi, akina mama walituletea khanga kuukuu za pamba. Tulizikata, tukazikunja mara kadhaa, tukashona taulo za kufua. Wavulana nao walishika mikasi, na kicheko kikaisha.

Muhula huu yule msichana amekosa siku 1 tu, kwa homa. Enyi akina baba, mnapouza pamba, tengeni fedha kidogo kwa ajili ya binti zenu. Nanyi wavulana, mwenzenu akichafuka, mpeni sweta ajifunge, kisha nyamazeni.