Siku ya Kupumzika si Siku ya Uvivu

Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari. Inaitwa South West Coast Path. Inaanzia mji wa Minehead na kuishia karibu na bandari ya Poole, kilomita 1,014. Zamani walinzi wa pwani walipita huko wakiwasaka wafanya magendo. Usidhani ni tambarare! Ukijumlisha vilima vyote, utakuwa umepanda kama mita 35,000, karibu mara 6 ya kimo cha Mlima Kilimanjaro. Wengi wanaoimaliza yote kwa mkupuo hutumia wiki 7 au 8.

Je, hutembea kila siku bila kusimama? Wapi! Wenye uzoefu hutenga siku nzima ya kupumzika na kufanya shughuli ndogo ndogo. Wewe unayetembea mwendo mrefu kwenda shule, au unayejiandaa kwa mashindano, una la kujifunza hapo.

MWILI UNAFANYA NINI UKIPUMZIKA?

Ukitembea sana, nyuzi za misuli huchanika kidogo kidogo. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini hazijengeki upya ukiwa njiani. Hujengeka ukiwa umepumzika, hasa usingizini. Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi.

Pia misuli na ini vina akiba ya sukari. Akiba hiyo ikiisha, miguu inakuwa mizito kama magogo. Hurudi kwa kula vyakula vya wanga kama ugali, wali, viazi au ndizi, na huweza kuchukua siku nzima kujaa.

RATIBA YA SIKU MOJA

Tuseme msafiri amefika mji wa St Ives. Mbele yake kuna kipande cha kwenda Zennor, chenye mawe na matope, kinachojulikana kwa ugumu wake. Basi anasimama siku moja.

Asubuhi: Analala hadi achoke kulala. Anakunywa chai na kula ashibe. Kisha anakagua miguu: katikati ya vidole, kisigino, wayo.

Saa 4: Anafua nguo, hasa soksi. Soksi yenye jasho na mchanga inasugua ngozi, na hapo ndipo malengelenge huanza.

Mchana: Anakwenda dukani kununua chakula cha siku zijazo, plasta na sabuni. Viatu vilivyofumuka vinapelekwa kwa fundi. Vitu visivyohitajika anavituma nyumbani kwa posta, maana kila kilo mgongoni inalipiwa na magoti.

Jioni: Anavaa kandambili miguu ipate hewa, anaandikia nyumbani, analala mapema.

Umeona? Hakulala chali kutwa. Kutembea taratibu hadi dukani kunasaidia miguu isikakamae.

UKIPATA LENGELENGE

Dogo usilipasue, ile ngozi ni kinga yako. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa plasta au kitambaa safi. Likipasuka lenyewe, osha, usiibandue ngozi, funika. Usipake majivu wala dawa ya meno.

ACHA USHUJAA WA BURE

Utasikia: "Mwanaume hachoki!" au "Wewe legelege tu." Wengi huficha maumivu kwa kuogopa kuchekwa. Lakini dalili hizi usizifiche:

• Kidonda chenye usaha, wekundu unaosambaa au mstari mwekundu unaopanda mguuni, mitoki au homa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

• Maumivu mahali pamoja kwenye wayo au muundi, unapoweza kupaonyesha kwa kidole, yanayozidi ukitembea na hayaishi ukipumzika. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Ufa huo mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 8 kupona. Ukilazimisha, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

• Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo, na hedhi ikakatika. Mifupa yake inaweza kudhoofika. Amweleze muuguzi, si jambo la aibu.

Piga hesabu mwenyewe: kupoteza siku 1 ya mazoezi, au kukaa benchi wiki 8? Nani hapo ndiye shujaa? Na rafiki yako akichechemea, usimcheke. Mbebee mkoba, msindikize zahanati.

JIPIME

1. Misuli hujengeka wakati gani?
2. Kweli au si kweli: lengelenge dogo lipasuliwe haraka.
3. Juma anaumwa muundi mahali pamoja kwa siku 5, hata akiwa kitandani. Kesho kuna mechi. Afanye nini?

Majibu: 1. Wakati wa kupumzika, hasa usingizini. 2. Si kweli. 3. Asicheze. Amweleze mwalimu wa michezo, kisha aende kituo cha afya akapimwe.