Dondoo Muhimu: Kamba ya Kitambulisho

Ukitaka jina la biashara yako litembee, punguza vipeperushi. Vingi huishia chini ya viti. Kamba ya shingoni uliyogawa kwenye maonesho ya Sabasaba huvaliwa kutwa, kisha hupelekwa nyumbani kushika funguo, flashi au filimbi ya kocha wa mtaani.

Agiza upana wa milimita 20, ili namba ya simu isomeke bila kukodoa macho. Jina na namba vinatosha. Virudiwe kamba nzima, tena pande zote mbili, maana kamba hujisokota. Kitambulisho nacho hupenda kugeuka mgongo; ndoano mbili, moja kila pembe, hukituliza.

Usibane bei kwenye kifungo cha usalama, kile cha nyuma ya shingo kinachoachia kamba ikivutwa kwa nguvu. Kwa watoto, usinunue bila hicho. Fundi aliye karibu na mashine inayozunguka asivae kamba kabisa, hata yenye kifungo. Abane kitambulisho mfukoni.

Na jioni, kabla ya kupanda daladala, ivue. Abiria wenzako hawahitaji kujua jina lako na unapofanyia kazi.