Futari ya mihogo na kisukari

Ndugu Waislamu, Ramadhani iliyopita nilifuturu kwa baba mdogo, Mbwara. Ana kisukari. Chai alikunywa bila sukari, lakini alijaza sahani mihogo ya nazi na magimbi, akisema: "Hii haina sukari, mwanangu."

Hapo ndipo tunapoteleza. Wanga wa mihogo, magimbi na viazi ukifika tumboni hugeuka sukari na kuingia kwenye damu.

Muhogo si haramu, wala si adui. Lakini kula kupita kiasi na kushinda tumekaa huleta unene, na unene ni mlango mkubwa wa kisukari cha aina ya pili.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha chakula kisizidi theluthi ya tumbo. Basi tupunguze vipande, tuongeze mchicha na samaki, na Tarawehe tuiendee kwa miguu. Mwili ni amana.