Dondoo muhimu: Soga za wavuvi wa ndoano ukingoni mwa mto Kilombero

Perege wakigoma kula, maongezi ndiyo yanayobaki, nayo yana adabu zake.

1. Salimia kabla ya kutupa mshipi: shikamoo kwa mkubwa, kisha "watoto hawajambo?" Habari za samaki zifuate.
2. Ongea, lakini usipige miguu. Mtetemo wa ukingo huwashtua samaki kuliko sauti.
3. Ukisimulia mto, anza na hatari: mamba ameonekana wapi, kiboko anapandia njia ipi. Wengi hutaja kambale mkubwa kwanza, na hilo ndilo kosa.
4. Masika, Machi hadi Mei, muulize mwenyeji kina cha maji leo, si cha wiki jana.
5. Ukija na mbwa, mfunge mbali na maji. Mamba huvizia pale mbwa anapozoea kunywa.
6. Usiache ndoano yenye chambo majanini wakati wa soga. Mbwa akiimeza, usivute hata kidogo: kata mshipi, acha kipande kirefu kining'inie mdomoni, kimbilia kwa daktari wa mifugo. Nimeona mtu akivuta kwa huruma, akachana koo la mbwa wake.
7. Mtoto akae pale unapomwona, mbali na maji, kamwe si nyuma unaporusha.
8. Ukionyeshwa kijito cha mwenzako, kiache kibaki chake.
9. Mwenzako akitaja mgonjwa nyumbani, weka mshipi chini umsikilize. Na kesho, kabla hujauliza kingine, muulize mgonjwa ameamkaje.