Serikali ya Nyumbani: Somo la Nyakoe

Watu wengi hulipa ushuru wa soko kila siku ya soko, lakini ni wachache wanaouliza fedha hizo huenda wapi, na ni nani aliyekata shauri juu ya kiasi chake. Katika somo hili tutatazama mahali pamoja, Nyakoe, katika nchi ya Kitutu, kaskazini ya mji wa Kisii, kando ya barabara kuu iendayo Oyugis na Kisumu. Ayajuaye mambo ya Nyakoe atayafahamu pia ya Marani, ya Keroka na ya Nyamira, kwa maana utawala wa pande hizo zote ulipita njia moja.

ZAMANI ZA WAZEE

Kabla ya kuja Waingereza, Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja. Walikaa kwa mafungu, kila fungu na ardhi yake: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Wanjare na Mugirango. Mashauri ya mipaka, ya ng'ombe wa mahari na ya damu yalikatwa na wazee waliokutana pamoja, na baraza lao liliitwa ritongo. Katika Kitutu palikuwa na ukoo uliotangulia nyingine kwa heshima, na mkuu wake aliitwa omogambi. Lakini mzee hakuwa na gereza wala karani. Nguvu yake ilikuwa kukubaliwa na watu, pamoja na hofu ya kiapo na laana.

CHIFU NA KODI

Majeshi ya Waingereza yalikuja kuwapiga Abagusii mwaka 1905, na mwaka 1907 Serikali ikaweka kituo chake Kisii. Mwezi wa Januari 1908 kijana wa Kitutu, Otenyo, akichochewa na nabii mwanamke aliyeitwa Moraa, alimchoma kwa mkuki Bwana Northcote, afisa wa kituo hicho. Northcote alipona. Hata hivyo askari walitumwa, nyumba zikateketezwa na ng'ombe wengi wakachukuliwa.

Baada ya hayo nchi ilitawaliwa kwa machifu, kwa sheria za mwaka 1902 na 1912. Chifu alikusanya kodi ya nyumba, alitoa watu wa kutengeneza barabara, naye alipokea mshahara. Hapo pana tofauti kubwa. Mzee wa ritongo alisimama kwa kukubaliwa na watu wake. Chifu alisimama kwa kuwekwa na Serikali, na hesabu yake aliitoa kwa Bwana D.C., si kwa wale waliolipa.

BARAZA LENYE MFUKO

Mwaka 1924 ilitungwa sheria ya kuweka baraza katika kila wilaya ya Waafrika. Wajumbe wengine walipendekezwa na raia, wengine wakateuliwa, na mwenyekiti alikuwa Bwana D.C. mwenyewe. Mapungufu yake yalikuwa dhahiri, lakini lilikuwa na kitu kimoja kipya: mfuko. Baraza liliweza kutoza kodi yake na kuitumia kwa shule, zahanati, madaraja na masoko. Kwa mara ya kwanza mkulima aliona senti yake ikirudi kuwa ukuta wa shule.

Yafaa kulinganisha na Uingereza. Huko, kijiji na mashamba yanayokizunguka huitwa parishi. Tangu sheria ya mwaka 1601, wasimamizi wa parishi walitoza kodi ya kuwalisha maskini wao wenyewe. Kisha sheria ya mwaka 1894 iliwapa watu wa parishi za mashambani haki ya kuchagua baraza lao, na wanawake pia waliweza kupiga kura na kuchaguliwa. Hata leo parishi hufanya mkutano kila mwaka kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, na mpiga kura yeyote wa pale aweza kusimama na kusema. Basi Waingereza walijua vema kwamba wanakijiji waweza kujichagulia mwenyekiti. Miaka thelathini baadaye, Kisii, bado waliona ni lazima mwenyekiti awe D.C.

MFUKO WAONDOLEWA

Mwaka 1950 mabaraza hayo yaliongezewa madaraka, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 yakawa mabaraza ya kaunti. Lile la Gusii likawa mojawapo. Lakini mabaraza mengi nchini yalilemewa na madeni, hata mishahara ya walimu ikachelewa. Kwa sheria ya mwaka 1969, Serikali Kuu ilitwaa shule za msingi, afya na barabara. Mabaraza yakabaki na masoko, leseni na vituo vya mabasi. Raia aliendelea kutoa ushuru, ila baraza lililoupokea halikuwa na uwezo wa kumjengea zahanati. Ndipo wengi walipoacha kuuliza, na mahali pasipoulizwa hesabu, hesabu hupotea. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

MFUKO WARUDI

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawanya nchi katika kaunti 47, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Kaunti ya Kisii ina wadi 45, na ile ya Nyamira wadi 20. Nyakoe ni mojawapo ya wadi tano za Kitutu Chache Kusini. Katiba yaamuru kwamba kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Basi raia na ajue mlango wa kubisha. Zahanati, soko, barabara ndogo, maji, shule ya chekechea na ushauri wa kilimo ni kazi za kaunti. Shauri hilo mpelekee mwakilishi wa wadi au msimamizi wa wadi. Kitambulisho, polisi, shule ya msingi na barabara kuu ya Kisumu ni za Serikali ya Taifa. Hapo mwendee naibu wa chifu au chifu. Mwakilishi wa wadi si mjenzi wala mweka hazina: kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha makadirio ya fedha na kuchungua matumizi. Anayemdai karo na michango ya mazishi, kisha asimwulize juu ya makadirio, amemwachilia kazi aliyomchagulia.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Sheria yataka raia wasikilizwe katika mambo hayo. Anayengoja Julai ndipo alalamike kwamba soko halina choo, huyo amefika karamuni sahani zimekwisha kuoshwa. Tena raia ana haki ya kuipelekea serikali ya kaunti ombi la maandishi juu ya jambo lolote lililo chini yake.

Wazee wa ritongo walisikilizwa kwa sababu watu walihudhuria. Leo mfuko umerudi karibu na nyumbani, lakini mkutano usio na watu hauna tofauti na amri ya D.C.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Nguvu za mzee wa ritongo na za chifu zilitofautiana namna gani?
2. Ni kazi zipi zilizoondolewa mabarazani kwa sheria ya mwaka 1969, na kwa nini?
3. Taja jambo moja linalohitajiwa katika wadi yako. Ni kazi ya kaunti au ya taifa? Ulipaswa kulisema kabla ya tarehe gani?