Duara Halijajibu, Nishukuru Nini?

*Mimi ni mama wa watoto wanne, niko kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Mume wangu aliuza ng'ombe tukaweka fedha kwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, na wenzake. Tangu hapo ni maji na mawe matupu. Duara la jirani limejibu, limetoa dhahabu, na Jumapili alitoa sadaka ya shukrani, kanisa zima likashangilia. Mimi nilishindwa kupiga makofi. Mzee wa kanisa akaniambia kutokushukuru kwangu ndiko kunakotufungia riziki. Ni kweli? – Mama J.*

Mama J, pole kwanza kwa hao ng'ombe.

Alichokuambia mzee si kweli. Fungua Luka 17, kwenye wale wakoma kumi. Mmoja tu alirudi kushukuru, na Yesu aliwaulizia wale tisa. Lakini hakuna mahali Luka anaposema ukoma uliwarudia. Walipona bila kutoa asante. Shukrani ingekuwa ada ya kufunguliwa riziki, ingetofautiana nini na dawa ya duara ambayo wachimbaji wengine huifuata kwa mganga? Mzee wako huenda alitaka kukutia moyo; amekuongezea mzigo.

Usijilazimishe kucheka mbele za Mungu. Zaburi ya 88 inalia tangu mwanzo hadi mwisho, haigeuki kuwa shangwe hata mwishoni, na imo katika Biblia ileile anayoishika mzee. Mpelekee Mungu hasara yako ilivyo, na hasira yako pia.

Hayo makofi, hata hivyo, ni habari nyingine. Nadhani hapo palikuwa na huzuni na palikuwa na kijicho kidogo, nawe unakijua, vinginevyo usingeniandikia. Hakiondoki kwa kukemewa. Pita kwa jirani siku ya kawaida, mpe hongera, uondoke. (Usiombe mkopo siku hiyo hiyo, tafadhali.) Moyo unaweza kuchelewa, miguu itangulie.

Kisha anza kushukuru kwa kutaja watu. Mwishoni mwa Januari 2017, hapo hapo Nyarugusu, watu 15 walinaswa chini ya ardhi katika mgodi wa RZ, mmoja wao raia wa China. Baada ya siku kama tatu walitolewa wote wakiwa hai. Anayemshukuru Mungu kwa siku ile hawezi kuwaruka waliochimba mpaka wakawafikia. Wala shukrani haimzuii kuuliza kwa nini kifusi kilishuka. Huo ndio Ukristo ninaouelewa: asante haifumbi macho. Nawe ukiwa unashukuru kwamba mumeo amepanda salama, muulize jioni hiyo hiyo kama matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara lao, ni mazima, na nani anayakagua.

Nani anakukopesha unga dukani? Nani alikaa na watoto ulipokwenda kliniki? Mwambie kila mmoja wabeja, yaani asante, ana kwa ana, ukitaja alichofanya. Tabia hii hukua kwa kurudiwa, na kwa siku za mwanzo itakuwa mdomoni tu. Hakuna ubaya.

Jambo moja hukuniandikia, nami linanisumbua kuliko makofi: wamebaki ng'ombe wangapi? Kwenye machimbo kila mtu ana hadithi ya aliyeuza wa mwisho, na kesho yake mwamba ukajibu. Wale ambao haukuwajibu hawaitwi mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Kama mnamshukuru Mungu kwa mifugo iliyobaki, ilindeni. Kaa na Baba J kabla hajaahidi wenzake fedha nyingine, mkubaliane idadi ambayo haiguswi hata duara likinukia dhahabu, na mwiteni kaka yake au mjomba awe shahidi. Maziwa ya watoto wanne hayangoji karasha lisage mawe.

Na mzee akirudia maneno yake, mwombe akusomee hiyo Luka 17, polepole.