Hela, Pesa na Rupia: Tahajia na Matumizi

Mwanachuo wa Kigobe, jijini Bujumbura, akieleza sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyojumuisha Burundi, aliandika: “Heller hizi ni pesa.” Mwalimu asahihishe mambo mawili.

(a) Tahajia: neno la Kijerumani Heller limeswahilishwa kuwa hela, konsonanti pacha imekuwa moja, na neno huishia kwa irabu.

(b) Matumizi: katika mazungumzo, hela na pesa ni visawe, kwa mkusanyaji wa sarafu, si visawe. Kabla ya 1904 rupia 1 ilikuwa sawa na pesa 64. Baadaye ikawa sawa na hela 100.

Upatanisho ni wa ngeli ya I-/ZI-: hela hii, hela hizi.

Zoezi: Sahihisha, ukieleza sababu: “Mwaka 1905 pesa 100 zilikuwa rupia 1.”